Chembe Zinazokataa Kufa: Kwa Nini Matibabu ya Saratani ya Damu Yasikatishwe Njiani



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kujibu swali ambalo sisi wauguzi huulizwa mara nyingi, wodini na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Swali lenyewe ni hili: “Mtoto alipewa dawa, homa ikaisha, akanenepa, akarudi shule. Sasa ugonjwa umerudi na dawa zile zile hazimsaidii tena. Imekuwaje?” Wanaouliza mara nyingi huwa na majibu yao tayari. Mmoja husema dawa zilikuwa bandia. Mwingine husema kuna mkono wa mtu. Wa tatu, naye ni Mkristo mwenzetu, husema wazazi hawakusali kwa imani ya kutosha.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni lukemia, yaani saratani ya damu, na majibu hayo matatu hayatusaidii kuuelewa. Jibu limo ndani ya mwili wenyewe, katika jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria: namna chembe za mwili zinavyokufa. Tukilielewa jambo hilo, tutaelewa pia kwa nini tunasema bila kumung’unya maneno kwamba kuacha dawa kabla ya kumaliza ni kuupa ugonjwa nafasi ya pili. Na tunasema zaidi ya hapo: kazi ya kuhakikisha mgonjwa anamaliza dawa si ya mama yake peke yake. Ni yetu sote katika parokia.

KIFO KILICHO CHEMA

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, zisizoonekana bila hadubini. Watoto wetu shuleni huziita seli. Kila chembe ina kazi yake na umri wake. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa na mpya hushika nafasi yake. Chembe nyeupe nyingi, zile zinazopambana na vijidudu vya maradhi, huishi siku chache tu.

Tena kuna chembe zinazokufa hata kabla hatujazaliwa. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama, kiganja chake huanza kikiwa bapa kama kafi la mtumbwi. Vidole hutokea kwa sababu chembe zilizo kati ya kidole na kidole hufa kwa utaratibu. Zisingekufa, tungezaliwa na vidole vilivyoungana kama nyayo za bata.

Mwaka 1972 wataalamu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikipa kifo cha namna hii jina la apoptosisi. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini. Baadaye Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walichunguza mnyoo mdogo wenye urefu wa milimita 1, na kazi hiyo ikaonyesha kwamba amri ya kufa imeandikwa ndani ya chembe yenyewe, katika jeni zake. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Yafaa ieleweke kwamba kifo hiki hakifanani na kuoza kwa kidonda. Chembe iliyochoka au iliyoharibika hujipa amri, hujikunja, hujikata vipande vidogo, na chembe jirani huvimeza vipande hivyo. Hakuna usaha wala uvimbe. Kila siku mamilioni na mamilioni ya chembe zetu hufa hivyo, nasi hatuhisi lolote. Sisi tunaoujua mfano wa mbegu ya ngano katika Injili hatuna sababu ya kushangaa kwamba Mungu ameweka kifo kidogo ndani ya uhai, ili uhai uendelee.

CHEMBE ZINAPOKATAA

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Lukemia huanza pale chembe moja change ya damu, kwa kawaida ya ukoo wa chembe nyeupe, inapopata hitilafu katika jeni zake. Watu wengi hudhani saratani ni chembe kuzaliana ovyo, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba chembe hizo hazifi pale zinapopaswa kufa.

Fikirini daladala ambalo abiria wanapanda kila kituo na hakuna hata mmoja anayeshuka. Hata kama wanapanda kidogo kidogo, gari litajaa, na wenye safari za maana watakosa nafasi. Ndivyo uboho unavyojaa chembe zisizo na kazi. Chembe nyekundu hukosa nafasi, mtoto akapungukiwa damu, viganja na midomo ikawa myeupe. Chembe sahani zinazogandisha damu hukosa nafasi, ufizi ukatoka damu na ngozi ikapata madoa. Chembe nyeupe zenye afya hukosa nafasi, na homa zikawa haziishi. Kwa hiyo, homa isiyokoma baada ya malaria kutibiwa, pamoja na upungufu wa damu, madoa ya damu au maumivu ya mifupa, ni dalili za kumpeleka mtoto hospitali apimwe damu kwa ukamilifu.

Ni nani anayezizuia chembe hizi zisife? Mmoja wa wahusika ni protini iitwayo BCL-2. Mwaka 1988, huko Melbourne, Australia, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba jeni ya protini hii haikuzifanya chembe zizaliane haraka. Ilizizuia tu zisife. Tunaweza kuifananisha na bawabu aliyekaa mlangoni, anayezuia amri ya kifo isitekelezwe. Kila chembe yenye afya ina mabawabu wachache. Chembe za aina fulani za saratani ya damu zinao wengi kupita kiasi.

Upande mwingine yupo mkaguzi. Ni protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuangalia kama jeni za chembe zimeharibika. Ikikuta uharibifu usiorekebishika, hutoa amri chembe ife. Katika saratani nyingi za binadamu mkaguzi huyu ameharibiwa. Katika lukemia ya watoto uharibifu huo huonekana zaidi kwa wale ambao ugonjwa umewarudia.

DAWA HUPIGA HODI, CHEMBE NDIYO IITIKIE

Wazazi wengi hufikiri dawa za saratani huziunguza chembe mbaya kama dawa ya kunyunyizia magugu. Dawa hizi ni kali kweli, lakini sehemu kubwa ya kazi yao ni kuiamsha ile amri ya kufa iliyolala. Baadhi huharibu jeni za chembe. Nyingine, kama vinkristini, huizuia chembe isigawanyike. Prednisoloni, kidonge ambacho wengi wenu mnakifahamu kwa magonjwa mengine, huziamuru chembe za aina mojawapo ya lukemia zijiue zenyewe. Kwa maneno mengine, dawa hupiga hodi, na chembe ndiyo inayotakiwa kuitika. Kama mkaguzi amekufa, au mabawabu ni wengi mno, dawa itapiga hodi na hakuna atakayeitika. Hapo ndipo tunaposema ugonjwa umekuwa sugu.

Maelezo haya yanajibu pia malalamiko mawili tunayoyasikia. La kwanza ni nywele kunyonyoka na vidonda vya mdomoni. Chembe za nywele na za mdomo huzaliana haraka, nazo huisikia ile hodi. Dawa ikipita, huota tena. La pili ni dripu za maji zisizokwisha na mkojo kupimwa kila mara katika siku za kwanza. Chembe mbaya zikifa nyingi kwa mpigo, taka zake humiminika kwenye figo na zinaweza kuziziba. Maji ndiyo yanayoziokoa figo. Wazazi wasiikatae dripu hiyo.

KWA NINI UGONJWA HURUDI

Siku lukemia inapogunduliwa, mgonjwa anaweza kuwa na chembe mbaya zipatazo trilioni 1, yaani milioni mara milioni. Baada ya wiki chache za dawa, fundi wa maabara anaangalia kwa hadubini na haoni kitu. Mtoto anacheza, anakula, na familia inatoa sadaka ya shukrani. Hata hivyo, wakati huo huo zinaweza kuwa zimebaki chembe mbaya hadi bilioni 10 ambazo hadubini haizitambui. Hizo zilizobaki si sawa na zile zilizokufa. Zilizokufa zilikuwa zile zilizoitika hodi mapema. Zilizobaki ni pamoja na zile zenye mabawabu wengi, zile zinazoweza kuitapika dawa nje kabla haijafanya kazi, na zile zilizojificha kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, ambako dawa nyingi hazifiki vizuri. Ndiyo maana watoto huchomwa sindano ya mgongoni. Wazazi huiogopa sana sindano hiyo. Tunawaomba wasiikatae, maana ndiyo inayozifuata chembe huko zilikojificha.

Dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1948 Dakta Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba kati ya watoto 16 wenye lukemia aliowapa dawa ya aminopterini, 10 walipata nafuu. Lakini nafuu ile ilikuwa ya miezi tu, kisha ugonjwa ukarudi. Katika miaka ya 1960 madaktari waliamua kuchanganya dawa kadhaa pamoja, ili chembe inayoikataa moja ipatwe na nyingine. Huko Memphis Dakta Donald Pinkel na wenzake waliongeza matibabu ya ubongo na kuendelea na dawa kwa miaka, na kwa watoto walioanza kutibiwa kwa utaratibu huo kuanzia mwaka 1968 karibu nusu walipona. Leo, katika nchi ambazo watoto hupata matibabu yote, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia ya aina inayowapata watoto zaidi hupona. Matibabu hayo huchukua miaka 2 hadi 3. Dawa kadhaa kwa pamoja, na kwa muda mrefu: ni hekima ile ile tunayoijua katika kifua kikuu na katika dawa za UKIMWI.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye ndugu wa karibu wa lukemia, uvimbe wa taya ambao Dakta Denis Burkitt aliuandikia mwaka 1958 akiwa Kampala, Uganda. Chembe za uvimbe huo huitika dawa upesi ajabu. Taya iliyovimba kama embe huweza kunywea ndani ya siku chache. Na hapo ndipo penye mtego. Mzazi akiona uso wa mtoto umerudi kama zamani, huona hakuna sababu ya kuendelea kukaa hospitali. Anaomba ruhusa kwenda kulima, na harudi hadi uvimbe unaporudi, mara hii ukiwa mgumu kuliko kwanza.

USHAHIDI WA VIFUNIKO VYA CHUPA

Kwa watu wazima ipo lukemia ya pole pole ambayo tangu mwaka 2001 ina dawa ya vidonge iitwayo imatinibu. Ugonjwa huu husababishwa na protini moja mbovu inayozisukuma chembe zizaliane na kuzizuia zisife. Imatinibu huiziba protini hiyo, na chembe hupata tena uwezo wa kufa. Kwa njia ya mpango wa msaada ulioanza mwaka 2002, wagonjwa wengi wa nchi zetu wamevipata vidonge hivi bila kulipia.

Mwaka 2010 madaktari wa London walitoa taarifa ya wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinibu kwa miaka. Kwenye chupa zao za vidonge viliwekwa vifuniko vyenye kifaa kidogo kinachoandika kila mara chupa inapofunguliwa. Matokeo yake yanatisha. Kwa wale waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa ugonjwa kudhibitiwa vizuri kufikia mwaka wa 6 ulikuwa karibu 95 katika 100. Kwa wale waliomeza asilimia 90 au pungufu, ulikuwa 28 tu katika 100. Na kwa waliomeza asilimia 80 au pungufu, hakuna hata mmoja aliyefikia hatua hiyo. Tupige hesabu: asilimia 10 ya mwezi ni siku 3. Siku 3 za kusubiri nauli. Siku 3 za msiba kijijini.

NI NANI ANAYEKATISHA DAWA?

Sasa tunafika kwenye maoni yetu. Ni rahisi kumlaumu mama aliyechelewa kurudi kliniki. Sisi tulio wodini hatuoni akina mama wasiojali. Tunaona mama aliyeacha watoto wanne nyumbani kwa jirani. Tunaona baba aliyeuza mbuzi wa kwanza kwa safari ya kwanza, na wa mwisho kwa safari ya tatu, huku safari zikiwa bado nyingi mbele. Tunaona binti anayeficha kadi yake ya hospitali kwa sababu mtaani wamesema saratani inaambukiza, jambo ambalo si kweli. Dawa yenyewe ikipatikana hata bila malipo, bado kuna basi, chakula, mahali pa kulala, na shamba lisilolimwa.

Tunatoka katika jimbo ambalo wengi wetu tuko mbali na hospitali zinazotibu saratani, kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, au Ocean Road na Muhimbili za Dar es Salaam. Umbali huo ndio unaozipa chembe sugu nafasi zaidi ya kitu kingine chochote tunachoweza kukibadilisha. Hatuwezi kuigeuza p53 iliyoharibika. Nauli tunaweza kuitafuta.

Kuna watakaosema parokia haina fedha. Tunawajibu kwa heshima: kadi za michango ya harusi, za kipaimara na za jubilei tunazijua wote, na kamati zake tunajua kuziunda ndani ya juma moja. Penye nia pana njia. Tunapendekeza mambo haya:

1. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo yenye mgonjwa wa saratani iandike tarehe zake zote za kurudi hospitali, na mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kuzikumbusha. Nauli ya safari inayofuata iwe tayari kabla mgonjwa hajarudi kutoka safari iliyotangulia.

2. WAWATA wapange zamu ya kuwaangalia watoto wanaobaki nyumbani, na wanaume wapange siku ya kulima shamba la familia hiyo. Mama akijua nyumbani kuna usalama, hataomba ruhusa kabla ya wakati.

3. Parokia zilizo karibu na hospitali kubwa zipokee wageni wa matibabu majumbani. Huko nyuma wazee wetu walimpokea msafiri bila kuuliza maswali mengi.

4. Vijana wachangie damu. Mgonjwa wa lukemia huhitaji damu mara kwa mara wakati dawa zinafanya kazi, na damu haitengenezwi kiwandani.

5. Mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kinga yake iko chini, na vijidudu vinaweza kumwua kabla ya saratani. Jirani mwenye pikipiki ajulikane mapema.

6. Asitokee katekista, kiongozi wa maombi wala mganga yeyote wa kumwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu amepona. Sala na dawa havigombani. Mwenye mamlaka ya kusimamisha dawa ni daktari anayemtibu.

DAWA ZINAPOSHINDWA KABISA

Tungekuwa tunawadanganya kama tungesema kila anayemaliza dawa hupona. Wako wanaozifuata tarehe zote bila kukosa, na bado chembe zao zinakataa kufa, kwa sababu hitilafu ilikuwamo tangu mwanzo au ilitokea njiani. Hiyo si adhabu ya Mungu wala upungufu wa imani. Tunawasihi wanaofika kuwajulia hali wagonjwa wawe waangalifu na maneno yao. Sentensi moja ya lawama hubaki moyoni mwa mama miaka mingi baada ya mazishi.

Utafiti nao haukuishia njiani. Ule ugunduzi wa Melbourne wa mwaka 1988 ulizaa matunda. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo venetoklaksi, ambayo humshika yule bawabu BCL-2 na kumwondoa mlangoni, ili chembe ya saratani ife kwa amri yake yenyewe. Ilianza kwa aina moja ya lukemia ya watu wazima na baadaye ikaongezwa nyingine. Ni dawa ghali, na familia ya kawaida haiwezi kuinunua. Ni haki yetu waamini kuwauliza viongozi wetu ni lini dawa za namna hii zitawafikia wanyonge. Na pale ambapo dawa ya kuponya haipo, bado ipo dawa ya kuondoa maumivu, upo uuguzi mwema, na ipo Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ambayo ni ya kumtia mgonjwa nguvu. Padre asiitwe dakika ya mwisho.

Ndugu wasomaji, chembe inayokataa kufa huishi kwa ajili yake peke yake, na mwishowe huuangamiza mwili uliokuwa ukiilisha. Parokia nayo ni mwili. Basi Jumapili hii, baada ya Misa, ulizeni katika jumuiya zenu: ni nani kati yetu yuko kwenye dawa za saratani, na tarehe yake ya kurudi ni lini? Andikeni tarehe hiyo. Kisha anzeni kuchanga.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.